Salamu kwa Bi Konsuelo

Somoe kanitumia picha toka Teksasi:
mtaa umefungwa, tarumbeta, sketi zinazunguka,
na jirani yake, Bi Konsuelo,
anakanda unga wa mahindi.
Anasema ni sherehe ya watu wa kwao,
waliovuna mashamba ya Marekani, wakaiimbisha,
wakaifundisha kula pilipili.

Mimi nipo Newala, magoti vumbini, naokota korosho.
Mwambie, mwanangu,
huu mti ulitoka pande za mababu zake.
Na muhogo. Na hayo mahindi.
Jumamosi tulicheza sindimba hadi alfajiri
tumeshiba mbegu za ugenini,
wala hatukujua tumshukuru nani.

Sasa nina jina.
Muulize lakini:
mabibo kwao huyafanyaje?
Sisi huku tunakamua uraka.
Akija, nitamwekea kibuyu.