Vipande vya Koti

Makoti yote ya Mulago yalikatwa kwa mabega ya wanaume.
Mwaka ule nikaletewa moja:
"Fundi Zakaliya, lipunguze. Ni la daktari."
Nikauliza, daktari gani mwenye mabega ya njiwa?

Eseza Namuddu akasimama mbele ya cherehani,
mikono yake imemezwa na mikono ya koti.
Futi ilipopita akataja mfupa,
mimi nikiandika inchi tu.

Wodini walimwita nesi.
Hakubisha. Aliandika dawa, akatia sahihi.

Vipande nilivyokata bado ninavyo,
kopo la biskuti limejaa,
maana baada yake walikuja wengine,
wengine,
hadi asubuhi moja bwana stoo akasema:
"Fundi, haya mapya usiyaguse.
Yanawatosha."