Kutua

Ukumbi wa parokia, Kadutu, Jumatano saa tisa.
Mikeka saba, wanawake sita.
Wa saba ni wa Nankafu. Tumeutandika hivyo hivyo,
na hakuna aliyeweka mkoba juu yake.

Nsimire, muuguzi aliyejifunza mambo haya ng'ambo ya Ruzizi, anasema:
"Fumbeni macho. Vuteni pumzi.
Msiende nayo popote."

Msiende nayo popote!
Mimi niliyebeba unga wa muhogo miaka kumi na minane
kutoka bandarini hadi soko la juu,
kamba ikining'ata paji la uso,
pumzi nilikuwa naihesabu kama nauli:
moja ya kona ya bomba,
moja ya ngazi za matope,
moja ya askari anayetaka chake.
Leo naambiwa niivute bure, niiachie bure.
Nilidhani ni wizi. Sikujua tu nani anaibiwa.

"Inueni mikono." Wa kulia unakwenda.
Wa kushoto unafika begani, unagoma
kama mbuzi aliyeona mto.
Palipokuwa na titi pana mshono,
na ngozi imevutika kama kitenge kilichonywea.
Zamani ningeufokea mkono huu.
Sasa nausikiliza tu: upo. Upo pale.
Haujaniambia uongo.

Umeme umekatika, hakuna aliyeshtuka.
Mvua inapiga mabati.
Akili yangu imetoroka, imekwenda kupanga foleni ya Jumanne ijayo,
benchi la muganga, karatasi haijafunguliwa.
"Ikitoroka usiichape," anasema Nsimire.
"Irudishe kama mtoto wa jirani."
Naishika mkono, narudi nayo. Inatoroka.
Narudi nayo.

Mwishoni akasema: "Sasa laleni chali. Huu ni mkao wa maiti."
Kimya.
Kisha Cibalonza, nywele zikimwota upya kama za kifaranga,
akaketi wima:
"Maiti? Nimeuza ng'ombe wawili nisiwe maiti!
Tafuta jina lingine."
Tulicheka hadi mishono ikauma.
Nsimire naye alicheka, akafuta macho kwa pindo la kitenge.
Tukalibishania jina kama bei ya sambaza,
ndipo nikasema, mimi nisiyesema:
"Uite kutua."

Kila aliyewahi kubeba alielewa.
Mgongo unaegemea ukingo wa barabara, magoti yanakunjika,
kamba inateleza usoni,
na kwa kitambo unahisi utapaa.
Hujafika. Soko bado liko juu.
Lakini umetua.

Tukalala, sisi sita na mkeka mmoja.
Sakafu ilikuwa baridi. Mtu alikoroma.

Jioni, nyumbani, chumvi iko rafu ya juu.
Nimeifikia kwa mkono wa kushoto.
Hapana, niseme kweli: nimeigusa kwa ncha za vidole,
kopo likaanguka, chumvi ikamwagika yote.
Nikasimama katikati ya chumvi,
nikavuta pumzi.
Sikwenda nayo popote.