Kaeni

Tarehe mosi Septemba, uwanja wa shule, At-Bashi.
Kijana wa darasa la mwisho amembeba begani
binti wa darasa la kwanza, utepe wake mweupe mpana kuliko uso,
naye anatikisa kengele ya mkono kwa nguvu zote,
macho kayafumba.
Wazazi wanapiga makofi. Mimi nimekumbatia dalia,
mashada saba, na simjui jina hata mmoja aliyenipa.
Maji ya mashina yananichuruzika ndani ya mkono wa koti,
koti lenyewe la kuazima.

Kisha darasa la nane B.
Wakasimama wote, ishirini na wanane,
viti vikakwaruza sakafu kwa mkupuo mmoja.
Nikawasalimu, wakaitika,
nikaugeukia ubao, nikaandika MSUGUANO.
Chaki ikakatika. Nikaokota kipande.
Nikaeleza kwa nini kiatu hushika njia,
kwa nini mkokoteni hukoma usipovutwa,
nikachora sanduku, nikalichomeka mishale,
nami najisikiliza, sauti yangu inatoka vizuri,
na nyuma yangu kimya.
Kumbe wana adabu hivi, nikajisemea.
Ndipo Nurzada wa mstari wa mbele akanyoosha kidole:
“Eje, tunaweza kukaa?”

Dakika kumi na moja. Nilizihesabu usiku, kitandani.
Eje ni dada mkubwa, ndivyo wamwitavyo huku mwalimu wa kike;
na mimi kwetu ni kitinda mimba,
sijapata kuwa dada wa mtu.
Nikasema kaeni. Nikasema samahani.
Wakacheka mpaka Bibi Kalipa wa hisabati
akaugonga ukuta kwa rula.

Wiki ya tatu akaja Urmat, wa ishirini na tisa.
Familia yao ndiyo kwanza imeshuka na mifugo
kutoka malisho ya kiangazi; sweta lanuka moshi
na maziwa ya farasi.
Nikamwuliza, kani ni nini?
Akafikiri. “Ni ile aliyo nayo kondoo dume
asipotaka kunyolewa.”
Nikampa nne juu ya tano.
Hata leo sijui ile moja nilimnyima kwa lipi.

Novemba siikumbuki.

Desemba wino uliganda, kalamu tukazipasha kwapani.
Nilisahihisha madaftari nimevaa glavu zilizokatwa vidole,
mshahara ukaishia kwenye makaa na buti.
Barua ya kuacha kazi niliiandika mara tatu.
Ya tatu nikaipitia kwa kalamu nyekundu,
nikaona aya ya pili haina hoja,
nikaiwekea mbili, nikalala.

Februari, mtihani: kumi na tisa wameanguka.
Niliingia na rundo la karatasi kifuani,
nikafika mbele, maneno yakaniishia.
Wao wamesimama. Mimi nimesimama.
Makaa yanapasuka jikoni kwenye pembe.
Nurzada akasema, taratibu, kama unavyosema na mgonjwa:
“Eje, kaa.”
Nikakaa. Nao wakakaa.
Tukaitazama theluji muda ambao
haumo katika mpango wowote wa somo.
Kisha Baiysh, asiyeuliza kitu tangu Septemba:
“Swali la pili, ule mshale ungeelekea wapi?”

Mei, kengele ya mwisho, maua tena, na majina yote nayajua.
Urmat hakuwepo. Kondoo hawangoji kengele;
walishapanda milimani wiki iliyotangulia,
na kabatini mwa maabara pana nafasi tupu
palipokuwa na mizani ya springi,
ile moja tuliyo nayo shule nzima.
Mkuu wa shule aliniuliza iko wapi.
Nikasema naitumia.
Mahali fulani huko juu, nadhani,
mwanakondoo ananing’inia, anapiga mateke,
na mvulana amekunja uso, anajaribu kusoma
ana nyutoni ngapi.