Sikio la Kushoto

Ninayo mia na kumi na tisa. Mke wangu Kageha
huyahesabu anapopangusa vumbi,
akitumai siku moja yatapungua.
Yamejipanga juu ya kabati la vyombo, hapa Buruburu,
mengine kimo cha kidole, mengine kimo cha kiganja:
jitu la zambarau lenye meno kama kitana,
popo mnene aliyevaa kaptura,
jicho lenye miguu miwili, basi, halina kingine,
na lile la buluu linalocheka hadi kilimi chaonekana.
Chini ya nyayo, kwa herufi ndogo kama chawa,
pameandikwa Hong Kong, na mwaka
ambao mimi sikuwa nimejua kufunga kamba za viatu.

Huja na mitumba. Mtu fulani ng'ambo
amefagia chumba cha mtoto aliyekua,
akatupa kila kitu kwenye gunia moja,
na belo linapofunguliwa Gikomba, saa kumi na moja alfajiri,
wenzangu wanagombania raba,
mimi natia mkono ndani ya buti
napapasa hadi penye kidole gumba.
Mengine Mutheu huniwekea katika kopo la Kimbo.
"Mteja wa mashetani amefika," huwaambia jirani zake,
kisha ananitoza bei ya kiatu kizima.

Mama Phanice wa ghorofa ya chini alileta kundi la maombi.
Wakakemea. Walikemea hasa lile la buluu,
nalo likaendelea kucheka.
Nikawapa chai. Zimwi likujualo, nikawaambia,
halikuli likakwisha.
Walimaliza chai na mkate. Hakuna aliyecheka.

Sikuwaambia juu ya lile la kwanza.
Lilikuja mfukoni mwa aproni ya mama
kutoka Lavington, alikofua na kupiga pasi
nguo za watoto ambao majina yao
aliyataja mara nyingi kuliko yetu.
Lilikuwa la kijani, macho matatu,
sikio la kushoto limetafunwa.
Meno yalihesabika: manne ya juu, mawili ya chini.
Usiku nilikuwa naweka yangu mle mle katika vishimo
vya mtoto nisiyemjua,
nayo yaliingia sawasawa.

Halafu ile asubuhi ya tingatinga.
Lilikuwa la manjano, na halikuchekesha.
Mama alibeba godoro, jiko, cheti changu cha kuzaliwa.
Mimi nilitumwa nishike kuku.
Nilishika kuku.

Jumanne iliyopita Mutheu alininyoshea kopo bila utani wowote.
Kijani. Macho matatu.
Masikio yote mawili mazima kabisa,
kana kwamba huko lilikotoka hakuna aliyelipenda.
Sikubishania bei. Nililipa alichotaja
nikatembea kwa miguu hadi Shauri Moyo
nikiwa nimelifumbata, kiganja kinatoa jasho,
nikapita kituo changu nisijue.

Sasa ni saa nane usiku. Kageha amelala.
Mia na ishirini, atasema kesho,
bora tuhame sisi tuyaachie nyumba.
Nimekaa jikoni, mlango wa jokofu wazi nipate mwanga.
Meno yangu ya juu yalikuwa katika glasi ya maji;
nimeyavaa.
Zimwi nimeliosha kwa sabuni, mara mbili,
kwa sababu siku hizi mimi ni mtu mzima na naogopa tumbo.
Plastiki ya zamani ni ngumu kuliko nilivyokumbuka,
ina ladha ya chumvi, na kwa mbali, ya soksi.
Nalishikilia sikio pale, bila kukaza,
namsikiliza jirani wa juu akiburuta kiti,
jokofu likinguruma,
maji yakishuka ndani ya bomba la ukuta.

Kisha nauma.