Chapa

Chupa namba kumi na saba, wiki ya sita.
Seli za kupe zimetulia chini kama uji uliopoa,
na ndani ya seli, wao.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Huyu hakukaa nguoni.
Huyu kaingia ndani ya uzi wenyewe,
akafunga mlango, akaagiza chakula.
Nje ya seli si kitu: hana shamba, hana jiko.
Kumfikia, sharti umtoe nyumba ya watu,
umwoshe kwa maji ya sukari, ya baridi, mara tatu
(Kalunde hunicheka: unamkaribisha chai?)
kisha umpige shoti.

Umeme wa Tabora mnaujua.
Siku ile ulikatika saa nne, ukarudi saa nane,
ukachungulia, ukaondoka.
Nami nilitaka kipande tu,
kifupi kuliko kope inavyoshuka:
ngozi yake ipasuke, jeni ipite, ngozi ijifunge.
Tuliazima jenereta ya kinyozi wa Isevya.
Mteja wake alisubiri na nusu ya ndevu.

Wengi hufa kwa shoti.
Wengi hubaki walivyokuwa.
Mmoja katika laki, labda, hupokea,
na utamjuaje? Hana uso.

Baba ana ng'ombe thelathini na mmoja kule Sikonge,
kila mmoja na herufi M yenye mkia, pajani.
Nilipokuwa mdogo nilishika kamba,
nikanusa nywele zikiungua.
Ng'ombe akipotelea miombo, chapa humrudisha.
Mimi pia napiga chapa, Baba, nilimwambia,
ila yangu haiunguzi.
Yangu ni jeni ya usugu.
Namimina dawa chupani:
asiye na chapa, anakufa.

Alinyamaza kitambo, akikuna kisigino.
"Kwa hiyo unamfundisha mdudu kukataa dawa."

Nikaeleza. Dawa ile si ya zizini,
tuliichagua kwa kuwa hakuna anayetibia nayo ndigana baridi;
humpi mwizi ufunguo wa ghala unalolilia.
Chupa haitoki chumbani. Ikitoka, imechemshwa.
Na tukishaweza kuwatia chapa
tutawavunja jeni moja moja,
tujue ipi huwafungulia damu.
"Hmm," alisema Baba.
Mzee Mihayo akisema hmm, mjadala umeahirishwa.

Kidoti alikuwa amelala nyuma ya zizi,
ufizi mweupe kama karatasi ya daftari.
Baba akatoa chupa ya dawa ya njano juu ya kabati,
akavuta mililita tano
palipotakiwa ishirini.
"Hii nyingine ya Jumamosi. Na ya yule ndama."
Fedha ya tumbaku ilikuwa haijaingia.
Akaidunga taratibu, kwa upendo,
huku akimwita ng'ombe jina lake.

Nikaiona basi maabara iliyo kubwa kuliko yangu,
isiyo na mlango, isiyo na daftari,
kutoka Sikonge hadi Ulyankulu,
kila robo dozi ikichuja, ikichagua,
na hakuna anayehesabu wiki.

Nilinunua chupa nzima, nikadunga zile kumi na tano zilizobaki.
Kidoti aliinuka siku ya tatu.
Jirani wa Baba naye alikuwa na chupa juu ya kabati.
Na jirani wa jirani.

Leo, saa tano usiku, chumba kimezimwa taa.
Nazungusha darubini kidogo, narudisha.
Pale: nukta ya kijani ndani ya seli,
ndogo, imekaza, inang'aa kama jicho la paka chini ya kitanda.
Kisha ya pili. Kisha kundi zima, limejibanza, hai
katikati ya dawa iliyowaua ndugu zake wote.

Kalunde akapiga kigelegele, mlinzi akaja mbio na rungu.
Nikaandika: chupa 17, tarehe, dozi kamili.
Nikarudia kuandika dozi kamili.
Mkono ulikuwa umekaza kalamu
kama ulivyokaza kamba,
ile siku ya kwanza, moshi ukinijia machoni.