Noti Yenye Mpasuko

Namba arobaini na tatu. Ni wewe, Mama Nankafu,
umeketi kwenye benchi la wastaafu, mkoba juu ya magoti.
Mlinzi amekuja mara mbili kukusihi upite mbele,
mara mbili umemwonyesha kikaratasi chako.

Mwaka ule wa kwanza nilivaa viatu vya kuazima.
Nilishuka kutoka Kadutu alfajiri, matope hadi vifundoni,
nikavipangusa kwa gazeti mlangoni pa benki
kabla sakafu yenu nyeupe haijaniumbua.
Wiki ya tatu, jioni, droo yangu ikapungua dola themanini.
Mshahara wangu ulikuwa mia na ishirini.
Makeshia wenzangu wakakumbuka ghafla kwamba wana watoto.
Wewe, mkuu wa mikopo, mwenye dirisha linalotazama ziwa,
ulivua saa, ukavuta kiti cha plastiki:
"Tuhesabu tena. Na usililie juu ya noti, zinalowa."

Tulihesabu hadi umeme ukakatika.
Tukahesabu kwa tochi ya simu yako.
Dola themanini hazijaonekana mpaka leo,
ila usiku ule nilijifunza kusoma pesa kwa vidole
kama mama anavyosoma paji la mtoto mwenye homa:
faranga, hata ikinuka sambaza, hata ikigangwa kwa gundi,
ipokee, ina safari ndefu bado;
bali dola yenye mpasuko wa punje ya mchele
ni karatasi tu, soko zima litakurudishia.
Ulilipa nusu. Nusu ukanikata kwa miezi minne.
"Nikilipa yote," ulisema, "nitakuwa nimekununua."

Toka hapo jina langu likabadilika: mtoto wa Nankafu.
Milango ilifunguka kabla sijabisha,
na nyuma yangu midomo nayo ikafunguka.
Walisema umenitoa kwenu Kabare. Walisema na mengine.
Mimi Kabare sikuwa hata na kaburi.
Nilikuwa na Ijumaa, saa kumi, na faili moja mezani pako.
"Anzia mwisho, Cito. Faida hupenda kukaa sebuleni.
Deni liko nyuma, kwenye maelezo ya herufi ndogo,
panya ndani ya gunia la maharagwe."

Kisha likaja faili la malori mawili ya saruji.
Mwombaji: Balagizi, mdogo wako, tumbo moja.
Nilianzia mwisho.
Kiwanja cha rehani kilikuwa kwenye mteremko
ambao mvua ilikwisha kuula nusu.
Niliandika *hapana*, nikaikoleza,
wino ukatoboka upande wa pili.
Ulisoma. Ukasoma tena.
"Funga mlango unapotoka."

Ijumaa tano hukuniita.
Kwenye ngazi watu walianza kunipita bila salamu;
niligundua ni wangapi walikuwa wakikusalimu wewe
kupitia uso wangu.
Balagizi alipata mkopo kwingine. Akalipa wote, hadi senti.
Nyumba zake za ghorofa nazipita kila siku Nyawera,
zimesimama wima kama ushahidi,
sijui wa upande gani.
Sijawahi kukuuliza. Hujawahi kunikumbusha.
Ijumaa ya sita nilikuta faili jipya, na kikombe cha chai,
sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda.
Pengine lilikuwa jibu. Nilikunywa, ilikuwa imepoa.

Arobaini na tatu.
Unakuja taratibu, goti la kushoto limegombana na ngazi.
Nimeshuka kutoka juu (ndiyo, dirisha lile)
nikuhudumie mwenyewe, na keshia kijana
amesimama kando, hajui mikono aiweke wapi.
Nakuhesabia pensheni yako.
Huulizi habari za nyumbani.
Unalowesha kidole gumba, unahesabu upya mbele yangu,
watu wa foleni wanakohoa,
na kwenye noti ya nane unasimama,
unaiinua kwenye mwanga,
unairudisha chini ya kioo.

"Hii, Cito."