Siye Huyu

Dirisha namba nne, ofisi ya kata, Sapporo.
Bi Numata anauliza jina langu lina maana gani.
Namjibu, simu inafasiri:
Enebish, yaani Siye Huyu.
Anasoma tena. Anaipiga simu kofi dogo,
kana kwamba kosa ni la betri.

Kosa si la betri.
Mama alizika wawili kabla yangu,
na huyu wa tatu akampa jina la kukana,
ili kifo kikipiga hodi na orodha yake
kiambiwe mlangoni: unayemtafuta siye huyu,
shika njia.
Kikashika njia. Nina miaka thelathini na tisa.
Sasa kila fomu yataka nijitambulishe
ndani ya visanduku, bila kugusa mstari,
mimi niliyelelewa kwa kufichwa.

Miaka miwili iliyopita, kliniki ya ghorofa ya sita:
karatasi ya maswali, kurasa tano.
Swali la tatu nililielewa kabla simu haijaamka.
Wao huandika mwezi,
na kwetu pia twasema mwezi.
Katika maneno yote, hilo peke yake
lilivuka mpaka bila viza.
Mwezi wako wa mwisho, lini?
Nikaandika tarehe.
Mengine yote nikayaacha meupe.

Wakanitafutia mkalimani: Tuguldur,
mwanafunzi, ndevu tatu kidevuni,
anasomea ujenzi wa madaraja.
Daktari anasema, kijana anatazama viatu vyake,
masikio yamemwiva kama nyanya:
"Dada, anauliza... shemeji... kwenye kikopo..."
Ganzorig alicheka hadi akashika ukuta,
mara yake ya kwanza kucheka tangu tuhamie.
Kisha ikatajwa bei.
Hiyo Tuguldur aliitafsiri vizuri sana,
tarakimu kwa tarakimu, bila haya,
na hapana aliyecheka.

Sindano nilijichoma mwenyewe, nyuma ya jiko
la mgahawa wa kondoo wa kuchoma
wenye jina la mfalme wetu wa kale
(wateja huniuliza kama ndivyo tulavyo kwetu;
hapana, kwetu tunachemsha).
Saa tatu kamili usiku, mafuta yakilia kikaangoni,
pindo la shati nimeliuma kwa meno.
Dawa ilikaa kwenye friji, kati ya kabichi na bia.
Mzee Onodera, mpishi, hakuuliza kitu.
Alianza tu kubisha mlango wa friji
kabla ya kuufungua.

Kiinitete cha kwanza hakikushika.
Cha pili hakikushika.
Siku hiyo sikumngoja mkalimani,
nilimwona muuguzi alivyokunja mikono.
Nikampigia mama. Upepo wa Arvaikheer
ulikuwa umejaa kwenye laini, ukila nusu ya maneno.
"Usilie kwa sauti," akasema. "Utasikika."

Cha tatu,
sisemi.

Bi Numata ananisukumia kitabu chembamba
cha mama na mtoto, jaladani ana sungura,
pamoja na beji ya kuning'iniza mkobani
ili watu wanipishe kiti kwenye treni.
Beji nimeitia mfuko wa ndani wa koti,
uso chini. Nitasimama.
Ukurasa wa kwanza: jina la mtoto.
"Unaweza kuacha wazi," simu inasema kwa niaba yake,
"mpaka azaliwe."

Naomba penseli.
Naandika: Nergui.

Anaishikilia simu juu ya neno, anangoja.
Simu inajibu: Hana Jina.
Anafarijika. Ndiyo, ndiyo, bado hana,
na tayari mkono wake umefuata kifutio.

Naweka kiganja juu ya ukurasa.
"Liache," namwambia, kwa Kijapani changu cha jikoni.
"Ni lake."

Ananitazama. Anarudi kwenye fomu,
anasoma tena jina langu, kidole chini ya kila herufi,
halafu lile la penseli.
Nyuma yangu mtu anakohoa, foleni imefika mlangoni.
Bi Numata anachukua muhuri,
anaupulizia pumzi,
anaugonga.
Si kwa nguvu.